Chungu cha Aliyemleta Mtoto

Nikiuliza "Mpo?", jibuni "Tupo." Aliyelala akorome mara moja, nitamhesabu.

Huko Makete, ambako asubuhi ya Juni ndoo iliyolala nje huamka na barafu juu yake, waliishi watu watatu wenye vipaji. Ambokile, fundi wa paa, alijua mawingu na barabara. Alitazama tope kutoka dirishani akakwambia gari litanasa kona ya ngapi. Mkewe Enesia alijua mwili wa mtoto. Homa ikiwa bado njiani, yeye keshaisikia nyayo. Na Gwantwa, dada yake Ambokile, alijua moyo wa mtoto. Angeweza kumnyamazisha hata aliyenyang'anywa muwa.

Mtoto mwenyewe ni Lusekelo, mtoto wa Ambokile na Enesia, mwaka mmoja na miezi minne. Kwa baridi ile alivalishwa masweta matatu, akawa gunia la viazi lililojaa lumbesa: akianguka haumii, anabiringika tu.

Siku moja ikaingia simu kutoka Matema, kule chini kwenye joto la Ziwa Nyasa. Ni Bibi Subilaga, mama yao Ambokile na Gwantwa, mfinyanzi, mwenye mizaha kunishinda mimi. Akasema waje likizo, mtoto avuliwe hayo magunia acheze mchangani.

"Na mje mapema," akasema. "Presha ya macho imenikamata. Macho yangu yanafunga duka, ila rejareja bado yanauza. Nataka nimwone mjukuu wangu."

Wakamwambia watampelekea picha. Akajibu kuwa picha haikimbii, na yeye anataka kumwona akikimbia. Akaongeza kuwa amefinyanga chungu kidogo, pengine cha mwisho kukifinyanga akiona, na ni zawadi ya atakayemletea mtoto.

Basi wakaanza kupanga. Nimeona harusi zikipangwa kwa muda mfupi zaidi.

Ambokile alitoka nje, akautazama mlima, akasema mvua za kule chini hazijaisha, barabara ni uji, wangoje wiki moja. Akampigia mama yake. Bibi akasema sawa, mwanangu. Na Ambokile alikuwa sahihi: wiki ile gari moja lilinasa tangu asubuhi hadi jioni, abiria wakalisukuma mpaka viatu vyao vikabaki vimesimama vyenyewe matopeni.

Wiki ya pili barabara ikakauka, mabegi yakafungwa. Enesia akaweka kiganja kwenye paji la mtoto, akasema haondoki mtu. Mumewe akamtania kwamba anapima joto la masweta. Enesia hakuyumba: wiki moja, na hapohapo kitafutwe chandarua kidogo chenye dawa, maana mtoto wa baridi hawajui mbu. Akampigia mkwewe, naye akasema sawa, mwanangu. Kesho yake mtoto akawaka homa kama jiko. Bahati zahanati ilikuwa jirani. Katikati ya mlima wangemkimbizia wapi?

Wiki ya tatu mtoto mzima, chandarua kipo, Ambokile keshavaa kofia. Gwantwa akawauliza kama wamesahau kuwa Lusekelo akimwona kikongwe hupiga mayowe. Ni kweli, Jumapili moja walimtoa ibadani kwa sababu bibi mmoja alimtabasamia.

"Kaka, utamfikisha kwa mama ili amlilie usoni?"

Akaomba wiki moja. Akajifunga kanga kichwani, akashika mkongojo, akapinda mgongo, akawa anamwita mtoto kwa sauti ya Bibi Subilaga. Siku ya kwanza mtoto alijificha chini ya kitanda. Siku ya saba alikuwa anampanda mapajani mwenyewe. Bibi alipopigiwa alisema nini? Sawa, mwanangu.

Wakashuka mlima, wakimvua mtoto sweta moja baada ya jingine. Gari halikunasa, mtoto hakuugua.

Bibi Subilaga alikuwa kibarazani, mkongojo ubavuni. Wakamwamkia, akaitikia. Ambokile akatua mizigo miguuni pake. Bibi akanyoosha mikono, akalikumbatia bunda la chandarua, akasema, "Amekua huyu. Mbona mkimya?"

Wakacheka mpaka machozi. Si ndiye Bibi na mizaha yake. Bibi naye akacheka kidogo. Kisha akaendelea kulipapasa lile bunda, akilitafutia kichwa.

Kicheko kikawakatika, mmoja baada ya mwingine.

Lusekelo akaona kanga, akaona mkongojo. Akakimbia, kweli alikimbia, akampanda bibi yake mapajani. Vidole vya mfinyanzi vikapita usoni pake polepole, kama juu ya udongo mbichi.

Enesia akauliza ni tangu lini.

"Jumapili iliyopita nilikuwa bado naona ua la kanga yangu," Bibi akasema. "Jumatano likaenda."

Gwantwa akamuuliza kwa nini hakuwaambia kwenye simu.

"Mliniambia barabara, mkaniambia homa, mkaniambia mtoto mwoga. Yote kweli. Macho hamkuniuliza, nami sikutaka mje mnakimbia na mtoto." Akapapasa nyuma yake, akatoa kile chungu. "Haya, nani kaniletea mjukuu? Apokee chake."

Ambokile akasema ni cha Enesia. Enesia akasema ni cha wifi yake. Gwantwa akasema hakigusi. Wiki ya mwisho ilikuwa yake.

Sasa, wakoromaji amkeni. Bila wiki ya Ambokile wangelala matopeni. Bila wiki ya Enesia mtoto angeugulia njiani. Bila wiki ya Gwantwa asingekaribia mapaja yale. Lakini ingepungua wiki moja tu, ya yeyote kati yao, Bibi angemwona akikimbia.

Mkono wa Bibi bado umenyooka na chungu, na haujui uelekee wapi. Mimi ningetupa mzaha nikatoroka. Ninyi je, mngemsimamisha nani mbele ya mkono ule?