Mafiga Mlangoni pa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Kivumba, palikuwa na Sultani jina lake Mwinyi Ngwali, mtu mwema kwa kadiri ya masultani, ila alipenda kuanzisha mambo kuliko kuyafikiri. Mwaka mmoja alirudi safarini akiwa ameona vyuo vya kila namna katika nchi za watu, asipate raha mpaka naye avijenge. Basi vikajengwa vyuo vitatu kwa vijana waliokwisha kujua kusoma na kuandika: Chuo cha Utabibu karibu na jumba lake, Chuo cha Nyota juu ya kilima, na Chuo cha Ususi huko Bondeni, mahali penye ukindu mwingi na mbu wengi zaidi.

Ikawa karibu kila mzazi anataka utabibu, wachache wakataka nyota, na ususi usipate mtu, kwa maana Bondeni kila bibi alikuwa akisuka mikeka tangu zamani bila kufundishwa na Sultani. Sultani akamwita Waziri wake, Shekue, akamwambia, "Ugawe mji, kila mtaa uwe na chuo chake, nami nisisikie kelele."

Waziri Shekue akatwaa punda na magunia ya chokaa, akauzunguka mji akimwaga mstari mweupe njiani: ndani ya mstari ni utabibu, nje upande wa kilima ni nyota, na nje upande wa Bondeni ni ususi. Kisha mpiga mbiu akapita akinadi, "Mtoto ni wa chuo cha upande yalipo mafiga ya kwao!" Na hii ilikuwa desturi ya Kivumba. Wanaume wa mji ule walikuwa watu wa kutangatanga, leo kwa mke huyu, kesho kwa yule, hata mtu hakuulizwa anakaa wapi, bali mafiga ya kwao yako wapi. Yalipo mawe matatu ya kupikia, hapo ndipo nyumbani. Watu wakaona neno hilo ni la haki, wakaenda kulala.

Asubuhi wakautazama mstari. Lo! Ulitoka jumbani kwa Sultani umenyooka vizuri, ukafika karibu na kwa shemeji yake Waziri ukapinda kwenda kumchukua, ukavuka njia kumfuata binamu yake, ukazunguka kisima, ukakata banda la kuku katikati ili umpate mkwewe, ndipo ukarudi. Mgeni aliyeuona alidhani punda alikuwa mgonjwa. Na watani wakasema kuku waliolala upande huu watakuwa matabibu, na waliolala upande ule ni wasusi, wajue mapema.

Huko Bondeni alikaa fukara mmoja, Faki Kirungu, mwenye kanzu moja na maneno mengi. Riziki yake ilikuwa kuchekesha watu sokoni wakampa muhogo. Walimwita mpumbavu, naye aliitika, kwa kuwa mpumbavu hatumwi vitani. Mkewe alikuwa amekufa kwa homa, msimu wa mvua, siku ambayo tabibu wa mjini alikataa kuteremka Bondeni asije akachafua viatu vyake. Alimwachia Faki binti mmoja, Mize, na mafiga matatu meusi.

Na huyo Mize tangu siku ile hakuwa na neno jingine ila utabibu. Aliunga mguu wa mbuzi wa jirani kwa vijiti na kamba za mgomba, mbuzi akapona hata akaruka ua na kula mchicha wa jirani wa pili. Watu wote wa Bondeni walimpelekea majipu yao. Basi aliposikia kuwa amepangiwa kusuka, hakulia mbele ya baba yake. Alikwenda nyuma ya nyumba. Lakini kuta za nyumba ile zilikuwa za udongo na matundu, na Faki alisikia yote, ikamuuma kuliko njaa, na njaa aliijua.

Akaenda barazani kwa Sultani, akapiga magoti.

"Mola akuweke, bwana wangu. Nina binti anayetaka kuwa tabibu."

Sultani akamtazama Waziri, na Waziri akanena, "Mafiga ya mtu huyu yako Bondeni, bwana. Binti yake ni wa ususi. Tukimvusha mmoja, kesho watavuka wote."

"Basi na nihamie ndani ya mstari," akasema Faki.

"Utahamia wapi wewe?" akacheka Waziri. "Ndani ya mstari hapana hata shubiri moja ya ardhi isiyo na mwenyewe, na hao wenyewe ni ndugu zangu. Hawatakupa hata pa kukanyaga."

Baraza zima likacheka. Sultani naye, ambaye siku hiyo alikuwa ameshiba, akapenda kuuendeleza mzaha. "Sikiliza, Faki. Yalete mafiga yako yakae ndani ya mstari, na binti yako ataingia utabibu, nakuahidi mbele ya watu hawa. Ukishindwa, asuke mikeka wala nisikuone tena."

"Popote ndani ya mstari, bwana wangu?"

"Popote."

"Hata mwenye kiwanja akinuna?"

"Hata akinuna!" akasema Sultani, akipangusa machozi ya kicheko.

"Nimesikia, nami nimetii," akasema Faki, akaenda zake.

Kulipokucha, Sultani yuko kitandani, akasikia mtu anapuliza moto chini ya dirisha lake. Akachungulia. Faki Kirungu ameyapanga mafiga yake matatu kwenye ngazi ya jumba, mbele ya mlango mkubwa, na juu yake chungu kinatokota. Mize amechutama kando, anatia kuni. Na ndani ya chungu mlikuwa na papa mkavu, yule papa ambaye ukimpika nyumba ya kwanza, nyumba ya kumi hufunga milango.

"Ondokeni hapo!" akapaza sauti Waziri, aliyefika mbio, kilemba mkononi.

"Bwana amesema popote," akajibu Faki, akikoroga. "Tena amesema hata mwenye kiwanja akinuna. Naona amenuna kweli, masikini."

Askari wakasogea kumwondoa, kisha wakasimama. Kwa maana masultani wa Kivumba wote, siku ya kutawazwa, waliapa kiapo kimoja cha kale: kutogusa mafiga ya raia, chungu kikiwa motoni. Kiapo hicho kilikuja kwa sababu ya Sultani mmoja wa zamani aliyekuwa na tabia ya kupiga vyungu vya watu mateke, mpaka wanawake wa mji wakakataa kupika, na waume wao, njaa ilipowazidi, ndio waliomlazimisha aape. Tangu hapo hapana Sultani aliyejaribu.

Waziri akasema, "Ngojeni. Chungu kitaepuliwa tu. Kikiepuliwa, tupeni mawe hayo huko Bondeni." Akawaacha askari wamekizunguka chungu na mikuki yao.

Wakangoja. Maji yakipungua, Faki aliongeza maji. Moto ukififia, Mize alitia kuni. Adhuhuri askari mmoja akamuuliza, "Mzee Faki, bado hajaiva tu?"

"Papa huyu mkaidi, mwanangu. Hebu onja, uniambie."

Akaonja. Mwenzake naye akaonja, ili asije akadanganywa. Jioni askari wote walikuwa wameonja sana, na siku ya pili yake walikuja na papa wao, na nazi, na kuni, kwa kuwa waliamriwa wangoje chungu mpaka kiepuliwe, na hawakuambiwa wangoje kwa njaa.

Jumbani mambo yaliharibika. Harufu ilipanda ngazi, ikaingia kwenye mapazia, ikalala katika mito. Wajumbe waliokuja na habari za nchi za mbali walizisema upesi, pua zimebanwa, wakaondoka. Sultani akamwita Waziri kwa hasira. "Shekue! Nilikuambia nisisikie kelele. Kelele sisikii, ila nanusa!"

Waziri akafikiri, akapata hila, akafurahi nayo mno. "Bwana, mafiga hayaguswi, lakini mstari ni wetu. Tutausogeza, yeye abaki nje." Akaleta punda na gunia la chokaa, akafuta mstari wa zamani pale mlangoni, ili amwage mpya nyuma ya mafiga ya Faki. Lakini mafiga yalikuwa yameegemea ngazi, na nyuma ya ngazi ni ukuta wa jumba. Mstari haukuwa na pa kupita. Basi kwa hamaki yake akaupitisha nyuma ya jumba lenyewe, akajipangusa mikono.

Faki akautazama. Akamwita mpiga mbiu aliyekuwa akila papa pamoja na askari, akamuuliza kwa upole, "Ndugu yangu, jiko la Sultani sasa liko upande gani?"

Mpiga mbiu alikuwa mtu wa kazi yake. Akalamba vidole, akatwaa mbiu yake, akapita mjini akinadi, "Mafiga ya Sultani yako upande wa Bondeni! Wajukuu wa Sultani ni wa Chuo cha Ususi! Waje kesho na visu vyao vya kuchania ukindu!"

Sultani aliposikia, akashuka ngazi mwenyewe, bila viatu. Watu wakampisha. Faki akainamisha kichwa, na Mize akasimama mbele ya mafiga ya mamake, mikono nyuma, hasogei.

"Waziri," akasema Sultani, "leo nataka kuutembea mstari huu kwa miguu yangu." Akautembea. Akaenda mpaka kwa shemeji, akapinda, akavuka kwa binamu, akazunguka kisima, akafika kwenye banda la kuku, akainama, akaingia upande mmoja na kutokea wa pili, manyoya kichwani. Aliporudi alikuwa mwekundu, na watu hawakujua ni hasira au ni nini, mpaka alipoketi kwenye ngazi na kuangua kicheko, akacheka hata kofia ikaanguka.

"Kumbe nimetawala mji huu nisiujue hata umbo lake! Binti, njoo. Kwa nini wataka utabibu?"

Mize akasema, "Mama yangu alikufa tabibu akiogopa tope. Mimi tope nimelizoea, bwana."

Sultani akaacha kucheka. Akaona aibu, wala hakuificha. Kisha akaamuru mstari ufagiwe wote, na kila kijana aulizwe anachokitaka na kujaribiwa anachokiweza, popote yalipo mafiga ya kwao. Ndipo mtoto mkubwa wa Waziri, pande la mtu, aliyekuwa akizirai kila achinjwapo kuku, akaja mbio kuomba Chuo cha Ususi, akapiga magoti kwa furaha, na babaye akatazama pembeni.

"Sasa, Faki, epua chungu hicho, nami unipakulie," akasema Sultani. "Tangu jana nameza mate."

Faki akafunua. Mlikuwa na maji ya moto na mwiba mmoja wa samaki.

"Samahani, bwana wangu. Askari wako wamemlinda papa, na wamemlinda vizuri mno."

Sultani akacheka tena, akamwambia aombe zawadi aitakayo. Faki akaomba chokaa iliyofagiwa njiani. Akaibeba kwa pakacha, akaipaka nyumba yake, ikawa ndiyo nyumba nyeupe pekee Bondeni.

Mize akaingia utabibu, akahitimu, akawa tabibu aliyeteremka kila mahali. Na ikawa miaka baadaye Waziri Shekue akaugua tumbo, matabibu wote wakashindwa, mwisho akaitwa Mize. Alifika miguu ikiwa na tope hadi magotini, akaweka mkoba wake chini, akamtazama mgonjwa aliyejikunja kitandani.

"Pole sana, mzee wangu," akamwambia. "Kabla sijakugusa, hebu niambie: mafiga ya kwenu yako upande gani?"

Waziri akafunika uso kwa shuka. Mize akamfunua taratibu, akamnywesha dawa, akapona. Nami chungu changu kimeishia hapo, mwenye sahani na aiondoe.