Ukurasa Aliobakisha Mwanasiti

Haya, sogeeni, na mwenye mtoto ampakate. Anayetaka hadithi ya kuchekesha aende nyumba ya pili, mimi leo sina. Niliyo nayo ni ya wasomaji watatu na riwaya moja, na tangu nilipoisikia sijapata usingizi mzuri.

Ulikuwapo mji uitwao Shindwe, na watu wake walipenda riwaya kuliko harusi. Lakini kitabu kipya hakikusomwa ovyo. Kwanza kilipelekwa kwa wapimaji watatu, nao wakikisoma husema hadharani, barazani kwa Jumbe, mkuu wa mji, kama kimewapendeza au kimewachukiza. Kikikataliwa hutupwa kwenye tanuu la chokaa. Ndiyo desturi yao, msiniulize mimi.

Mpimaji wa kwanza ni Bi Mwanatumu. Huyu hajawahi kuchukia riwaya. Mpe ile mbovu kabisa, ambayo shujaa analia kila ukurasa, atakuambia, "Lakini yule mpishi wa sura ya tatu, jamani! Umeona anavyogeuza vitumbua?" Alipata kitu cha kupenda hata pale mwandishi mwenyewe alipokuwa amechoka.

Wa pili ni Kombo Makame. Huyu alichukia riwaya zinazomuua mjane ili msomaji alie. Alichukia watu wanaotoa hotuba wakiwa na kisu kifuani, na mvua inayonyesha kila wapenzi wanapoachana. "Uongo!" husema, na kufunga kitabu. Maishani mwake alipenda riwaya mbili tu, na hakumwambia mtu ni zipi. Mimi nisingekaa naye meza moja, lakini hakudanganyika hata siku moja.

Wa tatu ni Zaituni, binti wa mshona kofia, ambaye wenzake walimwonea aibu kwa sababu alianza na ukurasa wa mwisho. "Nikijua tunakwenda wapi," alisema, "naona kama mwandishi ananipeleka au ananizungusha tu." Alizozipenda ni zile unazojua mwisho wake na bado moyo unakudunda.

Basi siku moja mvua ilinyesha mpaka asubuhi, na kulipokucha kitabu kikaonekana kwenye ngazi za Jumbe. Kilikuwa kikavu. Hakikuwa na jina la mwandishi. Wapimaji walikuwa mazikoni, na Mwanasiti, binti pekee wa Jumbe, akashindwa kuwasubiri. "Nitasoma ukurasa mmoja tu," akasema. Nani kati yenu hajawahi kusema hivyo?

Kitabu kilimhusu msichana anayepoteza kitu kimoja kila sura. Katika sura ya kwanza alipoteza kicheko, na Mwanasiti akaacha kucheka. Katika ya pili alipoteza ladha, naye akasukuma sahani. Ya tatu ilimwondolea usingizi. Alipofika ya nne baba yake alimwita, naye akauliza bila kuinua macho, "Huyu ni nani?" Wakamnyang'anya kitabu, pumzi ikamkatika. Wakamrudishia mbio, akapumua, akafunua ukurasa mwingine.

Jumbe alilia mbele ya watu. Akawaita wapimaji, akala kiapo mji mzima ukisikia: "Atakayemwokoa mwanangu atakuwa mpimaji peke yake. Yeye ndiye atakayeamua kitabu gani kibaki na kipi kiende tanuuni. Wenzake wawili hawatasema neno juu ya kitabu chochote mpaka wanaingia kaburini."

Watu walisema, "Mwacheni amalize. Msomaji akimaliza hufunga mwenyewe." Hapo Zaituni akainama nyuma ya binti, akainua karatasi ya mwisho kwa ncha ya kidole, akasoma. Akaruka nyuma. "Msimwache amalize! Mwishoni msichana anakata roho, na jina lililoandikwa pale ni la Mwanasiti."

Kombo naye akakaa mbele ya binti, akamsikiliza anavyosoma kwa mnong'ono. Zilibaki kurasa tatu, zikawa mbili, ukabaki mmoja. "Uongo!" akasema Kombo. "Sura ya pili mama wa huyu msichana hawezi kuinuka kitandani. Sasa anapanda ngazi kuja kumfungia mlango. Nani kamponya? Mwandishi kasahau!" Mwanasiti akasita. Akafunua kurasa za nyuma kutazama. "Kweli," akasema kwa hasira, na vidole vikalegea. Kitabu kikaanguka mkekani, ukurasa mmoja haujasomwa. Safari hii pumzi haikukatika ghafla, ila ilianza kupungua, kwa kuwa vyote alivyopoteza vilibaki mle kitabuni.

Bi Mwanatumu akampakata kichwa. "Mwanangu, katika kitabu chote ulimpenda nani?"

"Kulikuwa na bibi," Mwanasiti akajibu kwa shida. "Amesimama mlangoni na bakuli la uji. Mistari mitatu tu."

"Basi na mimi nimeshampenda. Uji wa nini?"

"Wa mtama."

"Alimpelekea nani?"

"Hatukuambiwa. Mwandishi alimwacha pale pale."

"Tumfuate sisi."

Wakamfuata yule bibi kwa mazungumzo, wakibuni wenyewe anakokwenda, nyumba kwa nyumba, mchana kutwa. Alasiri Mwanasiti akacheka. Kisha akasema ana njaa, akaletewa uji. Kisha akamtazama Jumbe, akaita, "Baba."

Mji ukapiga vigelegele, lakini havikudumu.

"Bila mimi mngekaa kumsubiri afe," akasema Zaituni.

"Bila mimi mngejua atakufa, mkabaki kumtazama," akasema Kombo.

"Bila mimi," akasema Bi Mwanatumu, "mngezika mtu aliyezijua kasoro za kitabu."

Na kitabu kilikuwa bado mkekani. Hakuna aliyethubutu kukigusa, maana kwa desturi yao ni mpimaji tu anayetupa kitabu tanuuni, na kwa kiapo kile mpimaji sasa ni mmoja, naye bado hajajulikana. Wote walijua Bi Mwanatumu hatakichoma kitabu chenye bibi yule. Kombo angekichoma papo hapo, na kesho yake angeanza kupita nyumba za watu akikusanya vitabu vya kuchoma. Zaituni angesimama mlangoni kuwaambia watu mwisho wa kila riwaya kabla hawajaifungua, na huo nao ni msiba wa namna yake.

Jumbe akachoka kufikiri. Akamgeukia binti yake. "Wewe ndiye uliyeokolewa, mwanangu. Chagua."

Mwanasiti akafuta uji mdomoni. "Yeyote, Baba. Lakini sijapata kupenda riwaya kama ile. Mpe atakayeniruhusu nimalizie ukurasa uliobaki."

Jumbe akawatazama wapimaji, wapimaji wakamtazama binti, na binti alikuwa anakitazama kitabu.

Kiti cha mpimaji ni kimoja, na kiapo kimekwisha kuliwa. Nanyi mliokaa hapa, ambao mna riwaya zenu mlizozipenda mkasahau kula, na zile mlizozitupa ukutani, kiti mngempa nani? Je, wewe ungeamua vipi? Lakini amua upesi, maana Mwanasiti ameshanyoosha mkono.