Darasa Lililopungua

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja aliyeteuliwa kuwa Afisa Elimu wa jiji. Shule zote za msingi za serikali zikawa mikononi mwake. Hakuwa mvivu, wala hakula rushwa. Nalisema hilo mapema, maana tukisikia habari za mtu aliyekosea huwa tunapenda kuambiwa alikuwa mbaya. Huyu alikuwa amefundisha miaka ishirini, na watoto aliwapenda.

Siku ya kwanza ofisini alikuta foleni. Huyu analalamika vyoo vimejaa, yule darasa lake lina watoto mia na kumi, mwingine hana mwalimu wa hesabu tangu Januari. Kabla hajamaliza kuwasikiliza, wakubwa wake wakapiga simu: "Mama, jiji lako limeshika mkia. Mwaka huu tunataka ufaulu upande."

Ungekuwa wewe, ungeanza na lipi?

Yeye alianza na ufaulu. Akawaita walimu wakuu, akawaambia, "Kila mwezi mtihani wa majaribio. Matokeo nitayabandika hapa mlangoni. Atakayeshika mkia mara tatu, namvua cheo."

Ufaulu ukapanda. Jamani, ulipanda!

Mwezi wa nne, mwalimu mmoja wa darasa la saba, mzee aliyekaribia kustaafu, akaja ofisini. "Mama, watoto wanapungua."

"Ni watoro?"

"Si utoro, mama. Ukipata nafasi, njoo uone."

Mama akatazama saa. Alikuwa na kikao. "Niandikie barua, mwalimu."

Mwalimu akaandika. Barua ikaingia kwenye faili, faili likakaa kabatini.

Mwezi wa nane, shule ya mwalimu yule, iliyokuwa ya mwisho, ikawa ya kwanza. Mama akaenda na kikombe kuwapongeza. Alipoingia darasa la saba, akashangaa: madawati ya nyuma matupu. Kwenye orodha yake darasa lilikuwa na watoto tisini na sita. Akawahesabu. Arobaini na mmoja.

"Wengine wako wapi?"

Mwalimu mkuu akainamisha kichwa. "Wale walikuwa wazito, mama. Tuliwaambia wazazi wao, watoto wapumzike nyumbani, warudi mwakani. Wewe ulitaka asilimia."

Mama akakiweka kikombe mezani, akamwomba mwalimu mzee ampeleke kwa watoto wale. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi anayemlea mjukuu wa miaka kumi na mitatu, jina lake Tusekile.

"Shikamoo, bibi. Tusekile yupo?"

"Marahaba, mwanangu. Hayupo. Shule ilisema apumzike. Nami mtoto wa kukaa bure nitamlisha nini? Alikuja mama mmoja kutafuta msichana wa kazi, akaondoka naye."

"Nimekuja kumrudisha, bibi."

"Utamrudisha kutoka wapi? Simu ya yule mama haipatikani tangu Pasaka."

Mama akakaa chini pale pale mlangoni, akalia. Bibi akamshika bega. "Nyamaza, mwanangu. Mungu akubariki. Katika watu wote wa shule, wewe ndiye wa kwanza kuja kumuulizia."

Angetukanwa, angepumua. Alishukuriwa.

Alizunguka mitaa mwezi mzima. Watoto kumi na tisa walirudi darasani, ingawa usajili wa mtihani ulikuwa umeshafungwa. Tusekile hakuonekana tena.

Sasa, ndugu zangu, msimhukumu. Sisi je? Jumapili iliyopita nilisimama hapa nikasema, "Ibada imependeza leo!" Ilipendeza kwa sababu yule kaka anayekuja amelewa hakuja. Tulimwambia apumzike. Ilipendeza kwa sababu yule binti aliyepata mimba alitolewa kwenye kwaya, na sauti zikawa safi. Kuna mzee hapa alikuwa anakohoa sana. Nani anajua anaishi wapi? Mimi mchungaji wenu sijui. Nimetazama viti vilivyojaa nikamshukuru Mungu, na Bwana wetu aliwaacha tisini na tisa akamfuata mmoja.

Kwa hiyo leo sitawaombea pale mlangoni, wala msinipe mkono kunipongeza kwa mahubiri. Mgeukie jirani yako, mtajie jina la mtu mmoja ambaye hayupo. Kisha nendeni wote wawili mkabishe hodi kwake, leo hii, kabla bibi yake hajatushukuru.