Picha Mbili za Daraja la Fundi Ambakisye

Isome polepole. Ukimaliza, mtumie mtu yeyote ambaye kazi yake ni kukagua kazi za wengine.

Fundi Ambakisye alijenga madaraja madogo ya zege kwa miaka thelathini katika vijiji vya milimani huko Rungwe. La mwisho lilikuwa la waenda kwa miguu, la kuvukia mto kwenda zahanati.

Kabla halijafunguliwa, alitumwa mhandisi mmoja kulipima, mama aitwaye Eliaichi. Alipaka ubavu wa daraja rangi nyeupe, akanyunyizia madoa meusi mengi, kisha akasimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu kando ya mto.

"Mama mhandisi, madoa haya ya nini?" fundi aliuliza.

"Napiga picha daraja likiwa tupu, Mzee. Halafu tunalipakia mifuko ya mchanga, napiga nyingine. Kompyuta inazilinganisha. Madoa yakiachana kupita kiasi, ujue zege linavutika, na litapasuka."

Vibarua wakapanga mifuko. Picha ya pili ikapigwa. Eliaichi akaitazama kompyuta kwa muda mrefu.

"Mzee, zege lako ni dhaifu."

"Haiwezekani. Pima tena."

"Mashine haimwonei mtu, Mzee wangu."

Hakupima tena. Mvua ilikuwa inakuja na gari lilikuwa linamsubiri. Wiki mbili baadaye daraja likavunjwa kwa nyundo, kijiji kizima kikitazama. Tangu siku hiyo Fundi Ambakisye hakuitwa na mtu kujenga hata choo.

Mwaka wa tatu, Eliaichi alikuwa anaandaa somo kwa wahandisi wapya, akazifungua tena picha zile. Pembeni kabisa mwa picha lilionekana jiwe kubwa la ukingoni, lenye madoadoa yake ya asili. Akajaribu tu, akaiagiza kompyuta ilipime na lenyewe.

Kompyuta ikajibu kwamba jiwe nalo lilikuwa limevutika, sawasawa na daraja.

Jiwe halikuwa limebeba hata mfuko mmoja.

Hapo akaelewa kilichotokea siku ile. Udongo wa kando ya mto ulikuwa umelowa. Vibarua walipopita na mifuko, miguu ya stendi ilizama kidogo na kamera ikasogea mbele. Na kitu ukikisogelea huonekana kikubwa, madoa yake huonekana yameachana. Daraja lilikuwa zima.

Kesho yake alisafiri. Alimkuta mzee ameketi uani, anachambua maharage. Alipiga magoti, akamweleza yote bila kuficha.

"Nisamehe, Mzee. Zege lako lilikuwa zuri. Nitasimama mbele ya kijiji kizima niseme hivyo."

Alitegemea hasira, au labda machozi ya furaha. Mzee aliuliza tu kwa sauti ndogo:

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika."

"Basi Asajile alikuwa anasema kweli."

"Asajile ni nani, Mzee?"

"Mtoto wangu wa pekee. Ndiye aliyekuwa anachanganya zege. Daraja lilipovunjwa nilimwambia ameiba saruji, ameniharibia jina. Aliapa kwa kaburi la mama yake. Sikumsikiliza. Nilimtupia nguo zake nje, akaondoka. Hajarudi."

Eliaichi alishika ungo wa maharage uliokuwa unamponyoka mzee.

Ahadi yake aliitimiza. Alisimama mkutanoni, akakiri kosa lake huku analia, na wanakijiji wakamwomba fundi radhi. Jina la Asajile likatangazwa redioni. Jamaa wakapigiwa simu hadi Tunduma, mpakani. Habari ikapatikana moja tu: alionekana miaka miwili nyuma akivuka mpaka na begi dogo.

Mwishowe viongozi walimwendea Fundi Ambakisye, wakamsihi alijenge daraja upya. Aliwasikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Daraja naweza," alisema. "Lakini nani atanichanganyia zege?"

Funzo: Kabla hujatangaza kwamba kazi ya mwenzako ina kasoro, hakikisha kwanza kwamba wewe unayepima hukuyumba, maana lawama isiyo ya kweli haiishii kwa uliyemlaumu, huingia nyumbani kwake ikawatenganisha wasio na hatia, na radhi yako hufika wakati mmoja wao ameshaondoka.