Maji ya Kichwani

"Maji ya kichwani si ridhaa ya moyoni." Leo mmemsikia shangazi yenu Mwanaheri akiwaambia hayo waliokuja kuposa, baada ya binti yake kuinamisha kichwa na wao kushangilia. Mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Asili yake ni hii.

Zamani za Wayunani, katika mji wa Kalidra, aliishi kulungu wa Artemi, mungu wao wa kike wa mwituni. Hakuna aliyeruhusiwa kumdhuru. Mjane mmoja, Korina, ndiye aliyemlisha, na kulungu alimzoea hata akala shayiri kiganjani mwake.

Mfalme Ladamo alipomwoza mwanawe, aliitamani nyama ya kulungu huyo kwa karamu. Desturi yao ilikuwa kwamba mnyama wa sadaka hachinjwi mpaka akubali. Kuhani hummwagia maji kichwani. Akitikisa kichwa, basi ameridhia.

Korina alipinga. Kuhani akamwambia, "Tulia, mama. Tutamuuliza mwenyewe."

Akammwagia maji. Kulungu akatikisa kichwa, kama afanyavyo mnyama yeyote aliyelowa. "Amekubali!" wakapiga kelele. Wakamchinja, wakala, wakajifuta midomo.

Artemi akaghadhibika, akazikausha chemchemi zote. Wakateseka hata wasioonja mnofu mmoja, na hapo, wanangu, haki ya miungu inanishinda kuielewa. Ya wanadamu ilikuwa mbaya zaidi. Kuhani alitangaza kwamba Artemi anadai damu ya binti. Binti wa nani? Wa mfalme aliyekula? Thubutu! Walimchukua Mirto, mtoto pekee wa Korina.

Wakamsimamisha madhabahuni, mfalme akitazama. Kuhani akammwagia maji machache yaliyobaki hekaluni. Yalipomwingia machoni, msichana akatikisa kichwa.

"Amekubali!"

Korina akapenya katikati ya walinzi, akampokonya kuhani mtungi, akaumalizia kichwani mwa mfalme. Ladamo akashtuka, akatikisa kichwa, ndevu zikirusha matone.

"Haya, na mfalme amekubali!" Korina akasema. "Mwenye kisu yuko wapi?"

Mtu mmoja akacheka. Wengine wakaanza kumsogelea mfalme.

"Wewe mwanamke, hayo ni maji tu!" Ladamo akafoka. "Mimi sikukubali chochote!"

"Kulungu angekujibu vivyo hivyo, ila hakuwa na ulimi. Mwanangu anao. Nani kati yenu alimuuliza?"

Vijana wawili wakamkamata mfalme ili wamlaze madhabahuni, lakini Korina akawazuia.

"Mwacheni. Hamkumsikia? Hajakubali."

Basi wakamfungua Mirto, wakawafukuza Ladamo na kuhani wake hadi nje ya mpaka wa nchi. Walipotokomea, chemchemi zikabubujika tena.

Tangu hapo, kila mama wa Kalidra alipomwosha mtoto nywele, na mtoto akatikisa kichwa, alimfunza maneno haya angali mdogo: "Maji ya kichwani si ridhaa ya moyoni."