Unga Uliomwagwa Kisimani

Sikilizeni kwanza. Kubishana ruhusa, ila mwishoni.

Katika nchi ya Lunzali walikuwako watu watatu. Bi Chausiku alikuwa na kumbukumbu: aliloliona halikumtoka. Kilindo alikuwa na mikono: aliusoma udongo kama wengine wasomavyo gazeti. Sikitu alikuwa na kitu ambacho wengi hudhani wanacho, ujasiri wa kusema ukweli unaomuumiza mwenyewe.

Miaka arobaini nyuma, watu wa kijiji cha Masewa waliuawa kwa siku moja, kwa sababu ya kabila lao tu. Sasa Mheshimiwa Lugazo alilitaka bonde lao. Akasimama mahakamani akasema, "Hakuna aliyeuawa. Walihama, wakaliacha bonde." Mahakama ikikubali, bonde ni lake, na marehemu hawazikwi.

Chausiku akasimama. "Nilikuwa na miaka sita, nimejificha ghalani. Waliwatupa kisimani, kisha wakamwaga unga. Magunia kwa magunia."

"Unga!" Lugazo akacheka. "Bibi, walikuwa wanasonga ugali humo?"

Watu wakacheka naye. Mimi hao siwasamehe.

Kilindo akashuka kisimani. Alipanda na mifupa, na juu yake tabaka jeupe la chokaa, na vibati kumi na viwili vya kufungia magunia. Mtoto wa miaka sita angeijulia wapi chokaa? Aliona cheupe, akakiita unga. Mwongo angesema chokaa.

"Basi ni kipindupindu," akasema Lugazo, bila hata kuona haya. "Maiti wake humwagiwa chokaa."

Sikitu naye alikuwa amekwisha kuleta mahakamani bahasha yenye barua ya baba yake. Baba huyo ndiye aliyekuwa kamanda wa wauaji. Mama yake alimwambia, "Ukiipeleka, hapa usirudi." Akaipeleka. Jaji akaifungua, akasoma: "Leteni Masewa magunia kumi na mawili ya chokaa. Kazi tunaanza kesho." Tarehe ilikuwa ya siku moja kabla ya mauaji. Tangu lini watu wakaagiziwa chokaa ya ugonjwa ambao haujawapata?

"Barua ya kughushi!" akafoka Lugazo.

"Mheshimiwa," akasema karani wa mahakama, "bahasha hii tuliipokea na kuifunga kabla Kilindo hajagusa jembe. Aliyeandika kumi na mawili aliviona wapi vibati vilivyo chini ya ardhi?"

Lugazo akaomba maji ya kunywa.

Marehemu wakazikwa. Na kwa desturi ya Masewa, anayewarudisha wafu nyumbani ndiye humpa jina mtoto wa kwanza atakayezaliwa baada ya mazishi. Siku ya tatu, binti wa Chausiku akajifungua mtoto wa kike.

"Nimelibeba jina la mdogo wangu miaka arobaini," akasema Chausiku. "Nipeni nilitue."

"Shikamoo, bibi," akasema Kilindo, "lakini kabla sijashuka, walikuwa wanakucheka."

"Na wewe kabla ya barua walikuita mfukua maiti wa kipindupindu!" akajibu Chausiku.

Wakamgeukia Sikitu. Alikuwa amekaa mlangoni, na kifurushi cha nguo zake. "Mimi sina tena wa kuniita kwa jina kwetu," akasema. "Ningependa kutoa moja."

"Binti wa muuaji ampe jina mtoto wetu?" mtu akafoka.

"Nyamaza," akasema mama wa mtoto. "Bila yeye tungekuwa bado tunabishana na Lugazo."

Mtoto analia ndani, hana jina. Nyinyi mnaopenda kusema kila upande una hoja yake, leo semeni: mngemkabidhi nani haki ya kumpa jina?