Shamba Alilosusa Kuku

"Shamba alilosusa kuku, usimrithishe mwana." Mmecheka, wajukuu zangu, mliposikia nikimwambia jirani maneno hayo, sasa mnauliza yalikotoka. Yalitoka kwenye jambo nililoliona mwenyewe.

Huku mlimani aliishi Kundaeli, mkulima wa kahawa. Mwaka mmoja kutu ilishambulia majani, mibuni ikabaki vijiti. Akachanganya mrututu na chokaa, dawa ile ya buluu, akanyunyiza. Kutu ikakimbia. Kundaeli akanogewa. Kila msimu alinyunyiza hata pasipo na ugonjwa, na masalio ya pipa akayamwaga shinani, akisema dawa inayoponya jani haiwezi kuudhuru mzizi. Hakuna aliyembishia, maana mibuni yake iling'aa kuliko ya majirani wote.

Miaka ikapita, shamba likawa kimya. Kuku wa mkewe walifika mpakani, wakasimama, wakageuka. Maji ya mvua yalituama juu kama kwenye sahani. Na majani yaliyoanguka hayakuoza. Yalilala tabaka juu ya tabaka, bado yana rangi ya buluu. Nilipita pale mchana kweupe nikaogopa, wala sioni haya kusema.

Ikafika siku ya kumgawia mwanawe Elinami, aliyekuwa anaoa, shamba lile. Kwa desturi yetu baba hupanda sale, mmea wetu wa kuonyesha mpaka, mbele ya wazee, nami siku ile nilikuwa mmoja wao. Kundaeli akapiga jembe, likadunda. Akachimba hadi magotini. Hakukuwa na nyungunyungu hata mmoja, wala tundu walimopita.

Elinami akaokota majani ya tabaka la chini. "Baba, haya ni ya mwaka gani?"

Kundaeli akayatazama sana. "Ya mwaka niliponunua pampu ya kunyunyizia dawa. Ulikuwa darasa la tatu."

"Na nyungunyungu wamekwenda wapi?"

"Niliwaua, mwanangu. Nilidhani naua kutu."

Kundaeli akauchukua ule mche wa sale, akaenda kuupanda kwenye shamba la nyumbani, alilojiwekea kwa ajili ya uzee wake, ambako kuku walikuwa wakichakura.

"Hili ndilo lako," akamwambia Elinami. "Lile nimeliua mimi, nitakaa nalo mimi."

Akakaa nalo, akibeba samadi kichwani mpaka alipofariki. Hakumwona kuku hata mmoja akiingia. Shamba alilosusa kuku, usimrithishe mwana.